Mwongozo kamili: Kutengeneza preseti za taa za jukwaa zitakazotumika ukumbi hadi ukumbi (grandMA2)

Tatizo linalorudi kila mara ni hili: shoo ilipangwa vizuri ukumbi wa kwanza, ikapendeza. Ukumbi wa pili trasi (fremu inayobeba taa) iko juu zaidi, jukwaa limesogea kushoto, na kila kyu (hali ya taa iliyohifadhiwa ili iitwe kwa zamu yake) inamulika pasipostahili. Fundi anaanza kurekebisha kyu moja moja hadi wageni wanaingia bado hajamaliza.

Chanzo chake ni kimoja. Kyu zilihifadhiwa kwa namba tupu za pani (kugeuka kushoto na kulia), tilti (kuinama na kuinuka) na rangi, badala ya kuelekezwa kwenye preseti, yaani thamani iliyohifadhiwa kwa jina ili kyu nyingi ziitumie. Kyu inayosema "nenda Meza Kuu" inajirekebisha yenyewe ukibadilisha preseti ya Meza Kuu. Kyu inayosema "pani 37, tilti 62" haina inachojua zaidi ya hizo namba.

Mfano wetu ni ukumbi wa harusi na grandMA2 (konsoli ya kuongozea taa za jukwaa), iwe konsoli yenyewe au grandMA2 onPC kwenye kompyuta ya Windows. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yalivyoandikwa kwenye kioo ili usipotee.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Konsoli ya grandMA2, au kompyuta yenye grandMA2 onPC pamoja na kifaa cha kutoa DMX (ishara inayoongoza taa) ambacho programu hiyo inakitambua.
- Taa zilizokwisha kupatchiwa (kusajiliwa kwenye konsoli kwa anwani zake za DMX) na zinazoitika. Katika mfano wetu: taa 12 za PAR (taa zisizozunguka) za LED zenye RGBW, yaani nyekundu, kijani, bluu na nyeupe (chaneli 8 kila moja), bimu 8 (taa za kuzunguka zenye mwali mwembamba) za aina ya 7R (chaneli 16), na woshi 4 (taa za mwanga mpana) za kuzunguka zenye RGBW (chaneli 16). Jumla ni chaneli 96 + 128 + 64 = 288, hivyo zinatosha kwenye yunivasi (mkondo wa DMX) moja ya chaneli 512.
- Mtu mmoja wa kusimama na kukaa pale taa zitakapomulika. Ukuta hauwezi kuziba nafasi yake.
- Gundi ya karatasi ya kuweka alama sakafuni, na futi ya kupimia.
- Diski ya USB.
- Karatasi yenye mchoro wa trasi: namba ya kila taa, anwani yake ya DMX, na upande ambao kioo chake kidogo kimeelekea.

Hiyo karatasi usiidharau. Muvingi hedi (taa ya kuzunguka) ikifungwa imegeuzwa nusu duara ukilinganisha na wenzake, preseti ya mkao itaipeleka upande usio wake, na utatafuta kosa kwenye konsoli wakati kosa liko kwenye klampu.

## Hatua ya 1: Hakikisha patchi iko sahihi

Fungua Setup, kisha Patch & Fixture Schedule. Zipe taa namba kwa aina: PAR 101 hadi 112, bimu 201 hadi 208, woshi 301 hadi 304. Hesabu kutoka kushoto kwenda kulia ukiwa umesimama upande wa hadhira, na usibadilishe mpangilio huo ukumbi mwingine.

Modi ya taa kwenye konsoli lazima ilingane na modi iliyoandikwa kwenye kioo cha taa. Bimu nyingi za 7R zina modi zaidi ya moja, kwa mfano chaneli 16 na 20. Ukikosea hapa utaona ishara za ajabu: unazungusha enkoda (kirungu cha kubadilisha thamani) ya rangi, gobo (kisahani cha kutoa umbo kwenye mwali) ndiyo inayobadilika. Usitengeneze preseti hata moja kabla hili halijakaa sawa, maana utakuwa unahifadhi makosa.

Amua pia mapema kama kuna taa utakazozigeuzia pani au tilti kwenye patchi. Ukigeuza baada ya kutengeneza preseti za mkao, zote za taa hiyo zinaharibika.

Ukiwa sawa: `Fixture 101 Thru 304 At 100` kisha Please (kitufe cha kuthibitisha amri) inawasha taa zote, na kila enkoda inafanya kile jina lake linachosema.

## Hatua ya 2: Tengeneza makundi

Chagua `Fixture 101 Thru 112`, bonyeza Store, kisha gusa kisanduku kitupu kwenye dirisha la Groups. Lipe jina "PAR zote". Fanya vivyo hivyo kwa "Bimu zote" na "Woshi zote", halafu uongeze bimu za namba witiri na bimu za namba shufwa.

Makundi hayabebi rangi wala mkao. Kazi yake ni kukuwezesha kuchagua taa zile zile kwa mpangilio ule ule kila mara. Mpangilio una maana: utakapotumia Align kufungua bimu kama feni, konsoli inafuata mfuatano ambao taa zilichaguliwa.

## Hatua ya 3: Elewa programa na kitufe cha Clear

Wengi wanakwama hapa, kwa hiyo tusipite mbio.

Kila thamani unayoigusa inaingia kwenye programa, yaani sehemu ya muda inayoshika unachokifanya kabla hujahifadhi. Zile zilizo hai zinaonekana kwa rangi nyekundu kwenye Fixture Sheet (jedwali la thamani za kila taa). Ukibonyeza Store, konsoli inachukua zote zilizo hai, pamoja na za taa ulizozigusa dakika kumi zilizopita ukazisahau. Ndivyo preseti ya "Keki" inavyojikuta imebeba mkao wa bimu mbili ambazo hazihusiki kabisa na keki.

Clear hufanya kazi kwa ngazi. Ukibonyeza mara ya kwanza unaondoa uteuzi wa taa. Mara ya pili thamani zinaacha kuwa hai. Mara ya tatu programa inakuwa tupu. Jizoeze kubonyeza mara tatu kabla ya kila preseti mpya, hata ukiamini programa ni tupu.

## Hatua ya 4: Chagua namna ya kuhifadhi

Shikilia kitufe cha Store kwa sekunde moja hivi. Dirisha la Store Options litafunguka, na ndani yake utaona chaguo tatu zinazoamua kama preseti yako itafaa tena au la:

- Selective: kila taa ina thamani yake peke yake. Taa ambayo haikuwemo wakati wa kuhifadhi haitaitika.
- Global: thamani moja kwa taa zote za aina moja. Ukihifadhi kwa PAR 101, PAR 112 nayo itaitika.
- Universal: thamani moja kwa taa yoyote yenye sifa hiyo, bila kujali aina.

Tumia hivi:

- Dimma (ukali wa mwanga): Universal.
- Mkao: Selective, bila ubishi. Kila taa imening'inia mahali pake, hivyo pembe ya kufika kwenye meza kuu si moja.
- Rangi, gobo, prizma (kioo cha kugawanya mwali) na zumu (upana wa mwali): Global.
- Fokasi (kufanya mwali uonekane wazi, bila ukungu): Global ikiwa taa zote ziko umbali unaokaribiana na shabaha, Selective zikiwa mbalimbali.
- Amri za taa, kama kuwasha balbu: Global.

Wapo wanaohifadhi rangi kwa Universal ili wamalize haraka. Kwa nyekundu na bluu tupu utaponea. Kwa nyeupe na rangi za ngozi utaumbuka, kwa sababu LED za watengenezaji wawili hazitoi mwanga sawa hata ukizipa namba zile zile. PAR itatoa nyeupe yenye uwaridi, woshi itatoa yenye ukijani, na bibi harusi atakaa katikati yake.

Onyo: liepuke dirisha la presets la All mpaka uwe mzoefu. Dirisha la Color linachukua rangi peke yake hata kama dimma nayo iko hai, na dirisha la Position linachukua mkao peke yake. All linachukua kila kitu. Preseti ya rangi iliyohifadhiwa humo inaweza kukuwashia taa au kuzigeuza katikati ya dua.

## Hatua ya 5: Preseti za rangi

Anza na rangi, kwa sababu unaweza kuzitengeneza mchana, stoo, kabla hata trasi haijapanda. Panga namba zako mara moja na usizibadilishe. Mpangilio huu unatosha shughuli nyingi (namba ni asilimia za PAR za RGBW, na ni mwanzo tu wa kurekebisha kwa jicho):

- 4.1 Nyekundu: R 100, G 0, B 0, W 0
- 4.2 Ambari: R 100, G 40, B 0, W 0
- 4.3 Njano: R 100, G 75, B 0, W 0
- 4.4 Kijani: R 0, G 100, B 0, W 0
- 4.5 Samawati: R 0, G 100, B 100, W 0
- 4.6 Bluu: R 0, G 0, B 100, W 0
- 4.7 Zambarau: R 60, G 0, B 100, W 0
- 4.8 Waridi: R 100, G 0, B 45, W 0
- 4.9 Nyeupe baridi: R 0, G 0, B 0, W 100
- 4.10 Nyeupe ya ngozi: R 60, G 20, B 0, W 100

Sasa tengeneza ya kwanza:

1. Clear mara tatu.
2. Andika `Fixture 101`, Please, kisha `At 100`, Please. Taa moja inatosha kwa Global.
3. Fungua Color na uzungushe enkoda zote nne. Hata zile zinazobaki sifuri ziguse, uzipandishe kidogo kisha uzirudishe, mpaka zote zionekane nyekundu kwenye Fixture Sheet.
4. Shikilia Store, chagua Global, kisha gusa kisanduku namba 1 kwenye dirisha la Color.
5. Clear mara tatu. Rudia kwa `Fixture 301`, uhifadhi kwenye kisanduku kile kile. Konsoli itauliza, chagua Merge (ongeza bila kufuta yaliyomo). Ukichagua Overwrite, rangi ya PAR uliyoweka inafutika.
6. Clear mara tatu, halafu `Fixture 201`. Bimu haichanganyi rangi, ina gurudumu. Bonyeza enkoda ya gurudumu la rangi ili orodha ya nafasi zake ifunguke, uchague nyekundu kwa jina lake. Store, Global, Merge.

Kwa nini enkoda zote nne? Chukua preseti ya nyekundu iliyohifadhiwa bila W. Kyu iliyotangulia ilikuwa nyeupe baridi, W ikiwa 100. Unaita nyekundu, R inapanda, lakini hakuna aliyeiambia W ishuke, na jukwaa linakuwa waridi hafifu. Siku nyingine preseti ile ile inaitwa baada ya bluu na inatoka nyekundu safi, basi fundi analaumu waya. Preseti ya rangi iseme jambo moja juu ya kila chaneli ya rangi. Taa ikiwa na mchanganyiko wa rangi pamoja na gurudumu, weka pia gurudumu kwenye nafasi ya wazi.

Kwenye bimu, usitafute rangi kwa kuzungusha enkoda polepole huku ukitazama ukuta. Gurudumu linaweza kusimama kwenye mpaka wa rangi mbili. Kwa mbali linaonekana sawa, ukumbini mwali unatoka nusu mwekundu nusu mweupe. Na bimu isipokuwa na rangi unayotaka, ipe inayokaribiana nayo au nyeupe. Usiiache tupu, kwa sababu itabaki na rangi ya kyu iliyopita.

### Nyeupe ya ngozi ipimwe usoni

Preseti ya 4.10 ndiyo itakayoonekana kwenye picha zote za familia, hivyo ipe muda wake. Mkalishe mtu umbali halisi kutoka kwenye taa, dimma iwe ile utakayotumia. Ngozi nyeusi ikimulikwa kwa nyeupe yenye bluu nyingi hugeuka kijivu, kama mtu aliyepakwa majivu. Punguza bluu kabisa, ongeza nyekundu kidogo kidogo, halafu kijani kidogo mpaka uwaridi uishe. Angalia shavu na paji la uso. Nguo nyeupe isikudanganye.

Fanya hivyo kwa PAR, kisha woshi peke yake, kisha zote pamoja. Zikiwaka pamoja, usione mstari usoni ambapo mwanga wa taa moja unaishia na wa nyingine unaanza. Kama mpiga picha ameshafika, mwombe apige mbili tatu, kisha mtazame picha hizo pamoja kabla hujahifadhi.

Mafanikio ya hatua hii: Clear mara tatu, washa taa zote kwa 100, gusa 4.1. Taa zote 24 zinakuwa nyekundu. Gusa 4.9, kisha 4.1 tena: nyekundu ni ile ile. Pita rangi zote kumi kwa mfuatano wa ovyo, si kwa namba. Kama kuna W iliyosahaulika, mfuatano wa ovyo ndio utakaoifichua.

## Hatua ya 6: Preseti za mkao

Hizi zinahitaji ukumbi halisi na giza. Ukiwa uwanja wa wazi pwani, jua linazama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na kabla ya hapo huoni mwali unapotua. Kwa hiyo rangi, gobo na kyu zote ziwe zimekamilika mapema, ili muda mfupi wa giza kabla ya shughuli uutumie kwa mikao pekee.

Zipe preseti majina ya kazi, kamwe usizipe majina ya namba au pembe. "Kushoto juu" halina maana ukumbi wa pili, lakini meza kuu ipo kila harusi:

- 2.1 Nyumbani (pani 50, tilti 50)
- 2.2 Meza kuu
- 2.3 Mlango wa maharusi
- 2.4 Njia ya katikati
- 2.5 Keki
- 2.6 MC
- 2.7 Uwanja wa kucheza
- 2.8 Bendi
- 2.9 Feni hewani
- 2.10 Kuta

Weka alama za gundi sakafuni: katikati ya meza kuu, pale keki itakapokuwa, mlangoni, na alama tatu kwenye njia. Kisha:

1. Zifanyie taa za kuzunguka reset, usubiri zimalize kujizungusha. Muvingi hedi iliyogongwa au iliyopoteza hatua za mota inasimama pembeni kidogo ya pale konsoli inapodhani ipo. Ukihifadhi ikiwa hivyo, mikao yake itakuwa imekosewa mara tu itakapojirudisha sawa. Jenereta likiyumba, umeme ukakatika na kurudi, taa zitajirudisha zenyewe.
2. Clear mara tatu. Gusa kundi "Woshi zote", kisha `At 100`.
3. Bonyeza Highlt, kisha Next. Sasa unaishughulikia taa moja, nayo inawaka wazi kuliko wenzake.
4. Zungusha pani na tilti mpaka kitovu cha mwanga kitue usoni kwa mtu aliyekaa meza kuu. Aliyekaa uso wake uko karibu mita 1.2 kutoka sakafuni. Aliyesimama ni mita 1.6 hivi. Kwa MC na keki elekeza kwa aliyesimama.
5. Next, mpaka zote nne ziishe. Bonyeza Set ili kurudisha uteuzi wa kundi zima, kisha uzime Highlt.
6. Store, Selective, gusa kisanduku cha 2.2.
7. Clear mara tatu, fanya bimu nazo, Store kwenye 2.2, Merge.

Bimu usizielekeze usoni. Mwali wa 7R ni mwembamba na mkali, unaumiza macho ya waliokaa. Kwenye 2.2 zipeleke kwenye pambo la nyuma, mita moja juu ya vichwa, ili ziipambe meza bila kuwasumbua wenyeji wake. Kwenye 2.3 zivuke juu ya mlango.

Kwa 2.9, chagua bimu zote, bonyeza Align mpaka upate namna inayofungua kutoka katikati, kisha uzungushe enkoda ya pani. Feni itafunguka yenyewe kwa nafasi sawa.

### Tahadhari ya njia mbili

Taa nyingi za kuzunguka zina pani ya nyuzi 540 na tilti ya karibu nyuzi 270. Maana yake sehemu moja unaweza kuifikia kwa njia mbili: kwa kuzunguka, au kwa kupinduka nyuma. Zote zinaonekana sawa taa ikiwa imesimama. Tofauti inajitokeza taa inaposafiri: taa tatu zinatoka mlangoni kwenda meza kuu kwa upole, ya nne inafagia hadhira nzima usoni kwanza.

Chagua kila mara njia ambayo pani inabaki karibu na 50. Halafu jaribu: tengeneza kyu mbili za muda, moja ikiita 2.3 na nyingine 2.2, zipe Fade (muda wa mpito) ya sekunde 3, bonyeza Go. Taa zote zisafiri upande mmoja. Inayokwenda kinyume, irekebishe sasa hivi.

Mafanikio: msaidizi anatembea kutoka mlangoni hadi meza kuu, nawe unaita 2.3, 2.4, 2.2. Uso wake hauingii kizani popote ambapo kuna alama.

## Hatua ya 7: Gobo, prizma, fokasi na amri

Hapa kazi ni fupi. Kwenye dirisha la Gobo tengeneza preseti ya kwanza iwe "Wazi", yaani bila gobo na bila mzunguko. Bila hiyo hutakuwa na njia ya haraka ya kurudi kwenye mwali safi. Kila preseti ya gobo ibebe na thamani ya mzunguko, hata ikiwa sifuri, kwa sababu ile ile ya W kwenye rangi. Dirisha la Beam nalo lianze na "Shata wazi, prizma nje" (shata ni kizuizi cha mwanga ndani ya taa).

Fokasi ihifadhi kwenye dirisha lake la Focus. Inategemea umbali, kwa hiyo ni kitu cha kurekebisha kila ukumbi sambamba na mikao.

Dimma: 1.1 kwa 100, 1.2 kwa 70, 1.3 kwa 40. Inatosha.

Kwenye Control weka "Washa balbu", "Zima balbu" na "Reset". Taa nyingi zinataka amri hiyo ishikiliwe sekunde kadhaa kabla hazijaitii, ikishaitii, Clear. Ziweke mbali na vidole, visanduku vya mwisho kabisa. Balbu ya 7R ikizimwa kwa bahati mbaya inahitaji kupoa dakika kadhaa kabla ya kuwaka tena, na muda huo keki itakuwa imeshakatwa.

## Hatua ya 8: Jenga kyu kwa preseti peke yake

Sasa kanuni inayobeba kazi yote: kwenye kyu usizungushe enkoda. Chagua kundi, gusa preseti ya mkao, gusa ya rangi, gusa ya gobo, weka dimma, hifadhi kwenye executor (nafasi ya kuendeshea kyu).

Tazama Fixture Sheet kabla ya Store. Penye preseti patasomeka jina, kama "Meza kuu" au "Ambari". Ukiona namba tupu, kiungo kimekatika: uligusa enkoda baada ya kuita preseti. Gusa preseti upya, jina litarudi. Ukiona rangi haipendezi, irekebishe preseti, na kyu zote zenye rangi hiyo zitafuata.

Hata efekti zinaweza kutumia preseti kwa thamani yake ya chini na ya juu. Efekti ya rangi inayocheza kati ya 4.7 na 4.2 itabadilika yenyewe siku kamati ikisema rangi ya harusi ni kijani na dhahabu.

Jaribio: ita kyu inayotumia 4.1. Chukua PAR moja, iwekee kijani, ihifadhi kwa Global juu ya 4.1 kwa Merge. PAR zote kwenye kyu zigeuke kijani papo hapo. Kisha bonyeza Oops kurudisha. Kama hakuna kilichobadilika, kyu yako ina namba tupu.

## Inapokwama

Unagusa preseti, taa kadhaa haziitiki. Ilihifadhiwa kwa Selective wakati taa hizo hazikuwemo. Kama si ya mkao, hifadhi upya kwa Global; kama ni ya mkao, ongeza taa hizo kwa Merge.

Rangi inabadilika kulingana na kyu iliyotangulia. Kuna chaneli ya rangi ambayo haikuhifadhiwa. Mara nyingi ni W au gurudumu.

Preseti moja inasogeza taa zisizohusika. Programa haikuwa tupu. Itengeneze preseti hiyo upya tangu mwanzo, na safari hii uchague Overwrite.

Taa moja tu imekosea mikao yote kwa kiasi kile kile. Usiguse preseti. Ifanyie reset, ikibaki hivyo, angalia imefungwa upande gani.

Taa zinatetemeka au kuruka zenyewe. Hiyo ni DMX. Angalia waya na terminata (kizibo cha mwisho wa waya) ya omu 120 kwenye taa ya mwisho.

Umefuta preseti inayotumika kwenye kyu. Oops mara moja, kabla ya kugusa kitu kingine. Kisanduku usichokihitaji kiache tu.

## Kuhamia ukumbi mwingine

Hifadhi shoo kwa kubonyeza Backup mara mbili, kisha weka nakala yenye jina la ukumbi kwenye USB. Faili la awali lisiguswe, ndilo mama.

Ukifika, fuata mpangilio huu: linganisha trasi na karatasi, washa na ufanye reset, jaribu rangi mbili tatu, halafu ingia kwenye mikao. Kwa kila mkao ita preseti, tumia Highlt na Next, sogeza kila taa mahali pake, kisha Store juu ya preseti ile ile, Selective, Merge. Ni mikao kumi na fokasi zake, kyu huzigusi. Anza na zile zinazomulika watu, yaani meza kuu, mlango, njia, keki na MC. Muda ukiisha kabla ya Kuta na Feni, hakuna atakayelalamika.

Ukipewa bimu mbili za ziada, zipatchi kama 209 na 210, kisha andika `Clone Fixture 201 At Fixture 209`, na 208 kwa 210. Zitarithi makundi, preseti na kyu za wenzake. Mikao waliyorithi ni ya taa zilizoning'inia kwingine, kwa hiyo pitia 2.2 hadi 2.10 kwa hizo mbili peke yake kabla milango haijafunguliwa.